Bwana Afya Analipwa na Nani?

Kila anayeanza kusoma afya ya jamii chuoni hukutana na John Snow ndani ya wiki mbili za kwanza. Hakuna kukwepa. Mhadhiri anaweka ukutani ramani ya Soho, London, mwaka 1854, yenye vistari vyeusi vinavyoonyesha nyumba zilizopoteza watu kwa kipindupindu, na katikati ya vistari hivyo ipo pampu ya maji ya Broad Street. Snow anapita nyumba kwa nyumba akiuliza watu wamechota maji wapi. Anapeleka hoja yake kwa wakuu wa mtaa, mpini wa pampu unaondolewa, na taaluma yetu inazaliwa. Zaidi ya watu 600 walikufa katika mlipuko ule. Snow mwenyewe alikiri kwamba ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua kabla mpini haujaondolewa, maana wakazi wengi walikuwa wamekimbia, lakini sehemu hiyo ya hadithi huwa haipati nafasi kwenye slaidi.

Naipenda hadithi ya Snow. Ila nilimaliza shahada ya kwanza bila kulisikia jina la James Christie, ambaye kazi yake ilifanyika hapa hapa, umbali wa safari ya boti kutoka hosteli niliyokuwa nikiishi. Christie alikuwa daktari Mskoti aliyeishi Unguja na kumtibu Sultani. Alikuwepo kisiwani kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 na kuua watu hadi mwaka uliofuata. Mwaka 1876 alichapisha kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, kuanzia ule wa 1821. Alichofanya ndicho tunachofundishwa leo kukifanya kwa kompyuta: alifuatilia njia ya ugonjwa. Aliwauliza watu wa misafara, wafanyabiashara na wamisionari, akaunganisha habari zao, na akaonyesha kwamba safari ile kipindupindu hakikuja Unguja kwa jahazi kutoka Bara Hindi kama ilivyodhaniwa, bali kilishuka kutoka kaskazini, kikapita nchi ya Wamasai na kutokea pwani kwenye maeneo ya Pangani. Yaani ushahidi wake ulitoka vinywani mwa wapagazi na wachuuzi wa pembe. Majina yao wengi hatunayo.

Miaka michache baadaye Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji hadi Mji Mkongwe. Fedha zilitoka kwenye hazina yake, na hazina yake ilitegemea sana ushuru wa karafuu na biashara ya bandarini. Nataka msomaji alikumbuke jambo hili dogo la fedha, kwa sababu katika kusoma historia ya taaluma hii nimegundua kwamba swali linaloeleza mambo mengi zaidi ni la kihasibu. Mtu anayekuja kugonga mlango wako akiuliza habari za maji, choo na homa, analipwa na nani?

Tuanze na vyuo vyenyewe. Shule ya tiba ya nchi za joto ya Liverpool ilianzishwa mwaka 1898, na aliyetoa fedha za kuanzia ni Alfred Jones, tajiri wa meli zilizokuwa zikienda Afrika Magharibi. Mwaka uliofuata ikaanzishwa ya London, chini ya Patrick Manson, kwa msukumo wa Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni. Mabaharia, makarani na maofisa walikuwa wakifa kwa malaria, na biashara ilikuwa ikipata hasara. Sisemi kwamba waliofundisha huko hawakujali watu wengine. Nasema tu kwamba mtaala una mlipaji wake, na mlipaji ana mgonjwa wake anayemfikiria kwanza. Marekani nako, shule ya afya ya jamii ya Johns Hopkins, iliyoanzishwa mwaka 1916 na kuwa mfano ulioigwa duniani kote, ilisimama kwa fedha za Rockefeller, na fedha za Rockefeller zilitokana na mafuta.

Sasa turudi huku kwetu. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa ametoka kupata tuzo ya Nobel, alifika visiwa vya Sese katika ziwa Victoria kutafuta dawa ya malale. Ugonjwa ule uliua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda katika miongo miwili ya mwanzo ya karne. Koch aliwachoma wagonjwa sindano za atoksili, dawa yenye asidi ya zarniki ndani yake, yaani sumu. Mwanzoni walionekana kupata nafuu. Ugonjwa uliporudi, akaongeza dozi, na baadhi yao wakapofuka moja kwa moja. Ushauri aliouacha nyuma ulikuwa kuwatenga wagonjwa kwenye kambi, na kambi hizo zikajengwa pia upande wa Wajerumani, kandokando ya maziwa. Upande wa Waingereza, Gavana Hesketh Bell aliwahamisha wakazi wa mwambao, na mwishoni mwa muongo ule hata watu wa Sese waliondolewa visiwani mwao. Kitaalamu hatua ile ina mantiki: ukimtenganisha mtu na mbung'o, mnyororo unakatika. Lakini jaribu kuifikiria kwa upande wa mvuvi anayeamriwa kuacha nyumba, makaburi na mitumbwi yake na mtu ambaye hana namna yoyote ya kumuuliza swali.

Mwaka 1913 akaja mtu mwingine ambaye, kusema kweli, ni ndugu yetu wa karibu zaidi kitaaluma. William Simpson alikuwa profesa wa usafi na afya London, aliyewahi kuwa mganga mkuu wa afya wa jiji la Calcutta. Alitumwa na wizara ya makoloni kukagua hali ya afya Kenya, Uganda na Zanzibar. Nairobi ilikuwa imeshapigwa na tauni. Mwaka 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya serikali. Simpson alitazama miji, akaandika ripoti, na moja ya mapendekezo yake makuu ilikuwa kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae sehemu tofauti, na katikati yao paachwe uwanda mtupu usiojengwa. Hakuitoa kama hoja ya siasa. Aliitoa kama kanuni ya usafi, kwa lugha ya kitaalamu, ya mtu mwenye shahada.

Mkazi wa Dar es Salaam haitaji kwenda maktaba kuona mawazo ya namna hiyo yalivyokuwa. Aende Mnazi Mmoja. Ule uwanda ulio kati ya Uhindini ya zamani na Kariakoo, wenye mnara wa Mwenge na watu waliojipumzisha chini ya miti, uliachwa wazi makusudi. Wajerumani walianza kuuchora, Waingereza wakaukamilisha, na ulikuwa mpaka wa kuzuia maradhi ya watu weusi yasivuke kwenda upande wa pili. Tunapita pale kila siku na daladala.

Hapo ndipo alipozaliwa bwana afya. Jina lenyewe linaeleza. Serikali ya kikoloni ilijaza nchi mabwana: bwana shauri, bwana shamba, bwana nyama, bwana afya. Huyu wa mwisho alikuja na daftari na sheria ndogo za mji. Alikagua mitungi kama ina viluwiluwi vya mbu, alipiga faini kwa nyasi ndefu, aliamuru vyakula vimwagwe. Wengine walikuja na sindano na vioo vya kupimia damu, na hawakuona haja ya kueleza damu inakwenda wapi. Wenye damu wakajitafutia maelezo. Hadithi za mumiani zilizoenea pwani, na za wazimamoto walionyonya damu kule Nairobi na Kampala, zimeandikwa sana na wanahistoria, na tukizisoma darasani kama ushahidi wa ujinga tutakuwa tumekosa somo. Zilikuwa tathmini. Watu walikuwa wamepima mwenendo wa idara ya afya na kutoa matokeo.

Haki itendeke, si wote walikuwa hivyo. Kuanzia miaka ya 1920 Tanganyika ilifundisha wasaidizi wa tiba wa vijijini, Waafrika waliojua kusafisha vidonda na kugawa dawa chache, na mishahara yao ilitoka kwenye hazina za watawala wa jadi, yaani kwenye kodi ya wanakijiji wale wale. Elimu yao ilikuwa ndogo na dawa zao hazikutosha. Lakini waliishi pale pale, walizungumza lugha ya pale, na ilikuwa vigumu kwao kujifanya mabwana mbele ya shangazi zao.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilifunguliwa 1963, na kwa kupitia majina na hadhi mbalimbali ikaja kuwa Chuo Kikuu cha Muhimbili mwaka 2007. Mwaka 1964 Richard Titmuss na wenzake walitoa ripoti iliyoshauri nchi isijimalize kwa hospitali kubwa za mijini, bali ijenge vituo vya afya vijijini. Baada ya Azimio la Arusha ushauri huo ukawa sera. Halafu, mwaka 1973, likatokea jambo ambalo kwa maoni yangu lilistahili kukaa ukurasa wa kwanza wa mtaala wetu, pampu ya Broad Street isubiri ukurasa wa pili.

Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Ilidumu wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu na kiongozi. Viongozi wapatao 75,000 walifundishwa kwa ajili hiyo. Watu walikaa chini ya mti au ndani ya darasa, wakasikiliza kipindi, wakasoma kwa sauti sehemu ya kitabu inayohusu malaria, kichocho, safura, kuhara damu au kifua kikuu, kisha wakaulizana: je, hapa kwetu ugonjwa huu upo? Unatokana na nini? Tutafanya nini kabla ya kukutana tena? Inakadiriwa kwamba watu milioni mbili walishiriki, katika nchi ambayo sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12 na ushei. Watu wazima ambao wengi wao ndiyo kwanza walikuwa wakijifunza kusoma wakawa wanajadili mzunguko wa maisha ya minyoo. Vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa.

Angalia jinsi jina la kampeni lilivyokuwa limemwondoa bwana. Katika "bwana afya", afya ni mali ya ofisa. Katika "mtu ni afya", ofisa hayumo kabisa.

Nisiipake rangi mno. Mwezi Novemba mwaka huo huo kuishi katika vijiji vya ujamaa kulitangazwa kuwa lazima, na miaka iliyofuata watu walihamishwa kwa malori, wengine nyumba zao zikibomolewa nyuma yao. Yapo maeneo ambako choo kilichimbwa kwa hiari na mengine kwa kuogopa faini. Mwaka 1977 kipindupindu kilirudi kwa kishindo, na shimo la choo peke yake halikutosha kukizuia pale ambapo maji safi hayakuwepo. Na fedha? Sehemu yake ilitoka Sweden. Swali langu la kihasibu linapata tabu hapa, na ni vizuri lipate tabu. Mlipaji alikuwa mbali, lakini kitabu kiliandikwa hapa, kwa Kiswahili, na uamuzi wa nini kifanyike ulikuwa mikononi mwa kikundi kilichokaa chini ya mti. Kwa hiyo pengine lile swali lina nusu ya pili: analipwa na nani, na nani anayeweza kumrudisha nyumbani kama kazi yake haifai?

Miaka ya 1980 hazina ilikauka. Masharti ya mikopo yakabana matumizi ya serikali, ajira zikasimama, na kuanzia 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za umma. Wakati huo huo Kagera ilikuwa ikizika watu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa huko mwaka 1983, wakati ambapo ugonjwa ulikuwa bado unaitwa Juliana. Walioanza kuhangaika nao walikuwa majirani, wauguzi, makanisa, misikiti, na vikundi kama WAMATA kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1989. Fedha kubwa zilichelewa. Mfuko wa Dunia ulianza 2002, mpango wa UKIMWI wa Marekani ukatangazwa 2003, na zilipofika zilikuja na gari jeupe, fomu, na neno lililobadilisha taaluma yetu kuliko nadharia yoyote: mradi.

Dawa za kufubaza virusi ziliokoa watu wasiohesabika, na mtu anayezungumzia fedha zile kwa dharau hakuwepo kwenye mazishi. Lakini zilibadilisha pia maana ya kuhitimu afya ya jamii. Baba yangu mdogo aliponiuliza ninasomea nini, nikamweleza, alitabasamu akasema, "Aa, kwa hiyo utakuwa bibi afya." Aliona mwanamke mwenye koti jeupe akikagua bucha na kuwatia hofu mama lishe. Wenzangu darasani walipoulizwa wanataka kuwa nani, hakuna aliyetaja halmashauri. Tulitaja ufuatiliaji na tathmini, uratibu wa miradi, uchambuzi wa takwimu, utafiti, mashirika ya kimataifa. Yalikuwa majibu ya watu waliosoma vizuri matangazo ya kazi. Ofisa afya wa kata ana pikipiki ambayo mara nyingine haina mafuta. Ofisa wa mradi ana kompyuta na posho. Tofauti ni kwamba wa kata ana kata. Wa mradi ana miaka mitatu.

Kwenye mazoezi ya vitendo tulipita mitaa ya Temeke na madodoso. Mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele alitukaribisha vizuri, akatupa viti, halafu kabla hatujafungua karatasi akauliza, "Wanangu, ninyi ni wa mradi gani?" Tukasema sisi ni wanafunzi tu. Akarudia, kwa upole wa mtu anayemsaidia mtoto kujibu mtihani: "Sawa. Lakini mradi gani?" Katika umri wake wote wa utu uzima, anayeuliza habari za afya mlangoni pake amekuwa na nembo kifuani.

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Siku chache baadaye zikaja barua za kusitisha kazi, na kufikia Julai shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limefungwa. Huku kwetu ilikuwa ni barua pepe ya asubuhi na ofisi iliyofungwa jioni. Kaka na dada waliotutangulia masomoni, wale tuliokuwa tukiwatazama kama mfano, walianza kutuma wasifu wao kwenye makundi yale yale ya WhatsApp ambako sisi tulikuwa tukitafuta nafasi za kujitolea. Wapo waliokuwa wakifuatilia wagonjwa walioacha dawa, kijiji kwa kijiji, na orodha zile zilibaki kwenye vishikwambi vilivyotakiwa kurudishwa.

Nani basi anabaki kazi ya mradi inapoisha? Tunao mfano wa karibu. Machi 2023, Kagera, watu walianza kufa kwa homa isiyojulikana katika kata za Maruku na Kanyangereko, wilaya ya Bukoba. Tarehe 21 ilithibitishwa kuwa ni Marburg, kwa mara ya kwanza nchini. Walikufa watu sita kati ya tisa waliougua, mmoja wao akiwa mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Waliotumwa kuudhibiti walikuwemo wataalamu wa epidemiolojia waliofundishwa kwa mpango ulioanza nchini mwaka 2008, unaowapeleka wanafunzi wa uzamili uwanjani kwenye milipuko halisi, na msaada wa nje ulikuwepo. Lakini orodha ya nani alimgusa nani msibani haikuandikwa na mgeni. Iliandikwa na watu wanaojua kwamba fulani alitoroka msiba mapema, na kwamba mkewe ametokea kitongoji cha pili.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 ndani ya miaka mitano. Kenya ilikuwa imefanya jambo la namna hiyo miezi michache kabla, kwa kupeleka wahamasishaji wapatao laki moja, posho yao ikigawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Huku kwetu mhudumu anatakiwa awe mkazi wa mahali anapohudumia, achaguliwe na jamii yake, afundishwe kwa miezi sita kisha alipwe, badala ya kujitolea miaka nenda rudi kwa fulana na baiskeli. Atahitaji mtu wa kumsimamia, kusoma takwimu zake na kujua lini homa tatu katika kitongoji kimoja ni jambo la kawaida na lini si la kawaida. Kazi hiyo ni ya mtu aliyesoma nilichosoma mimi, na ofisi yake ipo halmashauri.

Nafasi za kada hiyo zikitangazwa, maombi hupelekwa kwa mtandao wa sekretarieti ya ajira. Safari hii nimeshapakia vyeti. Kwenye sehemu ya kuchagua mkoa nimeandika Kagera, na baba mdogo ameshaniuliza kama nitapewa koti jeupe.